Masizi ya Vefa

Hapa kwetu Arvenbiel kila nyumba ina benchi lake kanisani, na benchi halihamishwi wala haliazimwi. Waliozaliwa nyumba za juu hukaa mbele, waliozaliwa nyumba za chini hukaa nyuma, na ukifa jeneza lako hupitishwa kando ya benchi lako kabla ya kwenda makaburini. Benchi la nyumba ya Imsand ni la tatu upande wa kushoto, chini kabisa ya ule mchoro wa Siku ya Hukumu. Hapo ndipo Genovefa Imsand, ambaye sote tulimwita Vefa, alikaa kila Jumapili kwa miaka arobaini na mitano, akisikiliza Misa chini ya uso wake mwenyewe unaoungua motoni.

Vefa alitaka kitu kimoja tu: uso ule utoke ukutani kabla hajafa, watu wamkumbuke kwa uso mwingine. Mimi Ottilia, binti wa msakristia, mtunza kanisa letu, na baadaye msakristia mwenyewe, ninaandika jinsi alivyokikosa. Wala nisijifanye malaika. Mkono wangu umo, tena mara tatu.

Usidhani alikuwa mtu wa kulialia. Alikuwa mfupi, mgumu wa mgongo, mkali wa ulimi. Alifuga ng'ombe wawili na kuku wachache, na jibini lake lilisifiwa hata na watu ambao hawakumsalimia. Mwenyekiti wetu wa kijiji siku zile, Theodul Zumofen, alipenda kumchokoza mlangoni mwa kanisa mbele ya watu.

“Vefa, moto ulikuwaje leo huko?”

“Si mbaya, Mwenyekiti. Nimekushikia nafasi, na godoro nimeshatandika.”

Watu walicheka, hata mke wa mwenyekiti. Kisha kila mtu akaenda kwake na Vefa akaenda kwake, na hakuna aliyemkaribisha supu.

Juu ya kijiji upo Msitu wa Mwiko. Bila msitu huo hakuna Arvenbiel, kwa maana theluji huanza kujilimbikiza mlimani tangu Novemba, na kinachoizuia isitushukie ni misonobari ile mikongwe. Mababu zetu waliandika barua ya mwiko miaka mia tano iliyopita, na mpaka leo husomwa kanisani Jumapili ya kwanza ya Novemba: mtu asikate mti, asilishe mbuzi, asiokote hata tawi lililoanguka. Wanaume huinua vidole vitatu na kuapa. Nimeisikia barua hiyo mara nyingi kuliko Sala ya Bwana, au ndivyo ninavyoona nikichoka.

Mwaka 1927 radi ilipiga kanisa na altare ya zamani ikateketea. Fundi wa kuchonga aliyeitwa kutengeneza mpya akasema anataka msonobari mkongwe, ulionyooka, uliokua polepole kwenye baridi. Mti wa namna hiyo haukuwepo ila msituni kule. Wazee wa kijiji wakakuna vichwa. Baba Paroko ndiye aliyewatoa wasiwasi.

“Mwiko ni wa wezi,” akasema. “Kwa Mungu hakuna mwiko.”

Wakakata misonobari sitini, upande wa juu kabisa, pale genge linapoanzia. Baba yangu ndiye aliyeitia alama kwa shoka, mmoja baada ya mwingine. Mimi nilimpelekea chakula nikahesabu pamoja naye. Altare ilipokamilika ilikuwa na milango miwili, mitume kumi na wawili, na dhahabu mpaka kwenye kucha za malaika. Ni nzuri, sitasema uongo. Mpaka leo nikiipangusa vumbi huwa najisahau.

Januari ya mwaka 1931 Meinrad, mume wa Vefa, alikuwa kitandani nyumbani, anaumwa kifua, na ndani mlikuwa na mtoto wa miezi mitatu. Kuni zikawaishia. Vefa akaonekana akitoka ukingoni mwa Msitu wa Mwiko na mzigo wa matawi makavu mgongoni. Theodul Zumofen alimkaripia njiani mpaka akautua mzigo. Akaurudisha, matawi yote, akarudi mikono mitupu, wakachoma kiti.

Wiki tatu baadaye, saa ya kukamua asubuhi, likaja poromoko la theluji. Lilizika nyumba nne na watu saba, na Meinrad na mtoto walikuwa miongoni mwao. Vefa alikuwa zizini, na zizi likanusurika. Alitoka nje na ndoo ya maziwa mkononi, akakuta hakuna nyumba. Alisimama pale na ile ndoo, maziwa yakitoa mvuke, mpaka mtu alipomnyang'anya.

Sasa sikiliza. Ukisimama penye hori la kunyweshea ng'ombe ukatazama juu, uliiona njia ya lile poromoko imenyooka kama barabara, na mwanzo wake ulikuwa palepale kwenye visiki sitini. Kila mtu aliinua macho akaona. Kila mtu akayashusha. Kabla hatujamaliza kuzika, neno lilikuwa limeshatapakaa kijiji kizima: Vefa alivunja mwiko. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, husema watu. Kwetu walimnyonga, na haki yake wakagawana.

Baada ya miaka miwili wazee wakaamua ukuta wa kushoto wa kanisa uchorwe Siku ya Hukumu, iwe kumbukumbu na onyo. Mchoraji alitoka bonde la chini, mtu mpole, mpenda mvinyo. Alizoea kuchora nyuso za watu wa mahali. Theodul Zumofen aliomba awekwe upande wa waliookoka, akawekwa, jirani kabisa na Mtakatifu Petro, karibu wagusane mabega. Mke wake akawa Mtakatifu Anna. Hata mimi nimo. Mimi ni malaika wa nne, yule mwenye tarumbeta.

Siku moja Baba Paroko akaniita sakristia.

“Ottilia, nenda kamwambie Vefa mchoraji anamhitaji akae. Mwambie ni kwa Mtakatifu Anna.”

Nilikuwa nafagia chini ya jukwaa la mchoraji kila siku. Nilijua Anna ameshapata uso. Nilijua pia kwamba palibaki kichwa kimoja tu kisicho na uso, kilichochorwa kwa mkaa: mwanamke katikati ya ndimi za moto, shoka mkono wa kulia, mzigo wa matawi mgongoni. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, sikuwa mtoto. Nikaenda.

“Dada Vefa,” nikamwambia zizini, “mchoraji anataka uso wako. Kwa Mtakatifu Anna.”

Akaacha kukamua. “Mimi? We Ottilia, usinitanie.”

“Kweli tupu, dada. Baba Paroko kanituma.”

Akaweka mikono juu ya magoti. “Basi wamenisamehe,” akasema. “Ngoja nioge.”

Alikuja na nguo yake ya harusi, imepigwa pasi, na nywele kazisuka upya. Alikaa asubuhi tatu. Mchoraji hakumtendea ubaya wowote, alimletea hata kiti chenye mto. Alimwambia, “Mfikirie mumeo. Mfikirie mtoto. Tazama juu kama unawaita.” Vefa akawafikiria. Alilia bila sauti, mdomo wazi, na mchoraji akafanya kazi haraka, kwa sababu rangi hupakwa lipu ikiwa mbichi, ili izame ukutani na isitoke tena.

Agosti, sikukuu ya msimamizi wetu, pazia lililofunika mchoro likashushwa kanisa likiwa limejaa. Vefa alikuwa kwenye benchi lake, na ile nguo. Alijitafuta kwanza kwa Mtakatifu Anna. Akahamia kwa Elisabeti, akahamia kwa Mariamu Magdalena, akaenda hivyo uso kwa uso kama mtu anayetafuta ndugu yake sokoni. Nyuma mtu akaanza kucheka puani. Mwishowe akateremsha macho upande wa moto.

Alikaa mpaka mwisho wa Misa, akapokea komunyo, akarudi akapiga magoti. Wakati wa kutoka akasimama mbele yangu.

“Ulijua?”

“Sikujua, dada.”

Akatazama juu, kwa yule malaika wa nne. “Umetoka vizuri,” akasema, akaenda zake.

Alikwenda kwa maparoko watatu, mmoja baada ya mwingine kadiri walivyopokezana, kuomba ule uso ufutwe. Wa kwanza alimwambia aombe kwanza dhambi itoke, uso utafuata. Wa pili akamwambia asubiri kikao cha wazee, na wazee hawakukaa. Wa tatu akamwambia kwamba mchoro ni mafundisho. Benchi jingine nalo aliliomba, nyumba kwa nyumba. Mwanamke mmoja alimjibu kupitia dirisha bila kulifungua.

Ndipo akaanza kuwasha mshumaa. Si wa nta, ile isiyo na moshi, bali wa mafuta ya mbuzi, alioutengeneza mwenyewe, na utambi mnene kama kamba ya kufungia ndama. Aliuweka kwenye ukingo wa ukuta chini ya uso wake, kila siku alfajiri kabla ya kukamua, na Jumapili mara mbili. Ulinuka ajabu. Watu wakasema anatubu. Paroko wa tatu alimsifu mimbarini kuwa mfano wa kutubu kwa wakosefu wote wa bonde hili, na Vefa akainamisha kichwa kwa unyenyekevu mkubwa.

Wakati huo baba alikuwa ameshafariki na usakristia ulikuwa wangu. Ilinichukua mwaka mzima kugundua. Nilisimama pale na kitambaa chenye maji nikaona moshi unapanda wima, na kidevu cha yule mwanamke wa motoni kimeshakuwa cha kijivu.

“Utambi mnene hivi wa nini, dada Vefa?”

“Ili sala ifike mbali.”

Nikarudisha kitambaa mfukoni. Kila uso wa ukuta ule niliupangusa kwa miaka thelathini na zaidi, ila mmoja. Kama nina jema lolote la kuhesabiwa, ni hilo la kutopangusa.

Kidevu kiliondoka, kisha mdomo, kisha macho. Kufikia mwaka 1968 uso mzima ulikuwa mweusi kama sehemu ya chini ya sufuria, na shoka halikuonekana tena. Watoto waliozaliwa hawakujua ni nani. Mke mmoja mgeni, aliyeolewa kutoka bonde jingine, alikaa karibu na Vefa akamwuliza kwa mnong'ono yule mweusi pale juu ni nani.

“Simfahamu,” Vefa akasema.

Jioni ile alikuja kwangu na jibini zima, akalikata mwenyewe, tukala na viazi. Alicheka mpaka akajishika mbavu. Alirudia mara tatu, “Simfahamu, nikamwambia. Simfahamu.” Alikuwa na miaka sitini na mitatu na sikuwahi kumwona akicheka hivyo.

Mwaka 1971 wakaja wataalamu kutoka mjini kusafisha michoro. Masizi ya kwenye ukuta hayaoshwi kwa maji. Husuguliwa kwa nyama ya mkate mweupe, ile sehemu ya ndani, laini, iliyokandwa mkononi mpaka ishike uchafu. Siku ya kwanza niliwaona wakijaribu kwenye pembe. Walihitaji mikate mingi, na kwetu tanuri la kijiji huwashwa kwa zamu. Juma lile zamu ilikuwa ya Vefa.

Mwenyekiti alikuwa Severin Zumofen, mtoto wa Theodul. Hakuwa mbaya. Alikuwa mtu wa kushukuru na kusalimia.

“Shangazi Vefa, wageni wetu wanaomba mikate ya ngano thelathini, laini. Ya kwako haina mfano.”

“Thelathini? Wana njaa gani hao?”

“Kazi ngumu, shangazi.”

Nilikuwepo, nimesimama mlangoni mwa tanuri. Neno moja tu lingetosha. Vefa angemwaga ule unga mtoni, namjua. Lakini nikajiambia kwamba watapata mkate kwa mwingine, kwamba hatimaye atajua tu, kwamba si kazi yangu. Nikamsaidia kubeba vikapu mpaka mlangoni mwa kanisa. Mkate ulikuwa bado moto na njia nzima ulinukia vizuri.

Walimsugua siku mbili. Makombo yalianguka meusi na mimi nikayafagia. Macho yakatoka kwanza, yamelowa, kisha ule mdomo ulio wazi, kisha shoka, kila kitu kama siku ya pazia. Mkuu wao, mwanamke kijana mwenye miwani, alishuka kwenye jukwaa akajifuta machozi. Akatuambia bonde zima halina uso kama ule. Akaandika kwamba usiguswe na mtu yeyote, na kwamba mshumaa usiwashwe ndani ya hatua kumi. Karatasi ikaja kutoka mjini ikiwa na mhuri, ikabandikwa mlangoni.

Jumapili Vefa akaingia, akakaa, akainua macho. Alipokuwa akitoka aliinama kwenye pembe ambayo ufagio wangu haukufika, akaokota kombo moja jeusi, akalisaga kwa vidole.

“Mkate wangu,” akasema.

Na mshumaa hakuuwasha tena.

Kisha wakaja watalii kwa basi la posta, wakanunua kadi zenye uso ule. Wengine walimwona bibi kizee aliyeketi chini ya ukuta, wakatazama juu, wakatazama chini, wakagusana viwiko. Mmoja alimwomba ageuze kichwa kidogo upande wa dirisha. Vefa alianza kujifunga kitambaa mpaka kwenye nyusi.

Kwetu kila marehemu ana kadi yake. Mbele huwa na picha, nyuma huwa na neno alilochagua mwenyewe kama aliwahi kulichagua. Hugawiwa siku ya mazishi, na kila mtu huitia katika kitabu chake cha sala na kukaa nayo mpaka naye afe. Ukitaka kujua kijiji kinamkumbuka nani na kwa uso gani, funua vitabu vya sala. Mwaka 1978 Vefa, ambaye hakuwahi kukubali kupigwa picha maishani mwake, alipanda basi peke yake mpaka mji wa Brig, akaingia kwa mpiga picha. Akaniletea.

Alikuwa bila kitambaa, nywele zimechanwa, anacheka, na mapengo matatu hakuyaficha. Nilimtambua mara moja. Ndivyo alivyokuwa jioni ile ya jibini. Nikaigeuza. Alikuwa ameandika nyuma yake kwa wino, kwa herufi kubwa: Sikukata mti hata mmoja. Misonobari sitini ilikatwa kwa ajili ya altare.

“Hii ndiyo ya kadi yangu,” akasema. “Mbele na nyuma. Nimeandika juu ya picha yenyewe, maana nawajua. Wewe Ottilia ulihesabu pamoja na baba yako. Wakikuuliza, utasema?”

“Nitasema.”

“Apa.”

Nikainua vidole vitatu.

Alifariki Januari iliyofuata, zizini, kichwa kimeegemea ubavu wa ng'ombe. Severin Zumofen akaja jikoni kwangu, akavua kofia. Nyumba ninayokaa ni ya kanisa. Nimeishi humo kwa ruhusa ya wazee wa kijiji tangu baba afe, na goti langu lilikuwa limeshaanza kunishinda. Jiko lilikuwa linawaka vizuri siku ile.

“Bi Ottilia, wewe ndiye uliyekuwa naye karibu. Ipo picha yake yoyote? Na neno la nyuma, alikuachia?”

Picha ilikuwa katika mfuko wa aproni yangu. Niliishika kwa ndani, nikasikia pembe zake. Nikamfikiria baba na lile shoka lake, na Theodul kaburini. Nikaifikiria ile altare, na watu wote wakiinua macho mlimani, safari hii bila kuyashusha. Nikalifikiria na jiko langu. Kusema kweli, jiko ndilo nililolifikiria zaidi.

“Hakuna,” nikasema. “Hakupenda picha, si unamjua.”

“Kweli.” Akaizungusha kofia. “Basi tutatumia ile ya ukutani. Ndiyo inayojulikana. Tutaikata shingoni, moto usionekane. Itakuwa heshima kwake, au unaonaje?”

“Itakuwa heshima,” nikasema, nikamkaribisha kahawa.

Kadi zilipendeza. Walizichapa kwenye karatasi nzuri, na nyuma Severin akaweka maneno ya kuomba rehema kwa mtumishi wa Mungu. Watu waliomnyima benchi na supu miaka arobaini na mitano waliitazama kadi wakatokwa machozi, wakasema jinsi alivyokuwa mzuri ujanani, wakamtia kwenye vitabu vyao vya sala. Yumo humo katika kila nyumba ya Arvenbiel, analia, mdomo wazi. Mimi pia ninayo. Picha ya Brig iko ndani ya kopo la unga, na tangu siku ile sijapata moyo wa kuichoma wala wa kuionyesha.

Jeneza lilipopitishwa kando ya benchi la tatu, mimi nilikuwa kando ya ukuta nimeshika mlango wa pembeni. Nikainua macho nisilitazame jeneza la Vefa, yakaangukia kwa yule malaika wa nne, mashavu yamejaa, tarumbeta mdomoni. Wataalamu walikuwa wamemsafisha naye, mweupe, bila doa. Naye walimsugua kwa mkate wa Vefa.